Mfarishi Uliofika Uchi

Kwa miezi saba, badala ya kutafuta marafiki pale hosteli ya chuo mjini Dharwad, India, nilishona mfarishi wa viraka wa mtoto wa dada yangu Ruzina. Nilianzia ukingoni nikauzunguka hadi katikati, kama wanavyoshona wanawake wetu Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, kisha nikapanda basi la kijijini nikiwa nimeupakata kama trei ya mayai. Siku hiyo mtoto angelazwa kwenye susu, kitanda chake cha kubembea, kwa mara ya kwanza, nami nilitaka afunikwe kwa kazi yangu.

Bibi Marcelina aliukagua mshono kwa mshono. Alipofika kwenye pembe, akaguna.

"Mjukuu wangu, huu uko uchi. Maua yako wapi?"

Ruzina alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Kwetu mfarishi hautumiki bila ua la kitambaa katika kila pembe. Mimi niliyeandika tasnifu ya kurasa arobaini kuhusu maua hayohayo, nilikuwa nimeyasahau yote manne.

"Sasa digrii walikupa ya nini, mdogo wangu?" Ruzina akauliza.

Bibi alinipa sindano na kipande cha sari yake kuukuu. "Shona. Mtoto anasubiri."

Nikaitoa tasnifu mkobani nitazame ukurasa unaoeleza jinsi ya kukunja maua. Bibi akaichukua, akaikalia.

Ua la nne lilitoka kama sikio la mbuzi. Nikataka kulifumua.

"Liache," Bibi akasema, akimfunika mtoto. "Amjue mama yake mdogo mapema."