Ndege Juu ya Kiti cha Kinyozi

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi, mwanangu, jua likiwa utosini, nilipokaa kwenye kizingiti cha duka la kinyozi pale Rwezamenyo, mjini Kigali, nikimsubiri mzee mmoja aje kunisifu. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya kaskazini. Yale makubwa ya tisini na nne yalikuwa hayajatufika, na leo sitayagusa. Kila nyumba ya Kigali ina yake. Nilikuwa kijana ambaye ndevu hazijamwota, nikiishi kwa kupaka rangi vibao vya maduka.

Mzee niliyemsubiri alikuwa Mbelgiji, nasi tukimwita Piloti. Ujanani alikuwa amepanda ndege za mabomu katika vile vita vikuu vya pili vya Wazungu. Aliishi mtaa wa Kimihurura, na kila Alhamisi alishuka kunyolewa ndevu na Mzee Kassimu, mwenye duka lile, kwa kuwa walijuana tangu enzi zao za Bukavu, kule Kongo. Ndiye aliyenipa magazeti ya zamani yenye picha za ndege zile. Loo, nilivyozipenda! Injini nne, pua ya kioo, na chini ya bawa vijana wa umri wangu wenye makoti ya ngozi, wakicheka kana kwamba wanakwenda harusini. Nilizitazama picha zile kuliko nilivyoutazama msahafu wangu, Mola anisamehe.

Basi Mzee Kassimu aliponipa dari ya duka lake nichore nipendacho, nilichora ndege. Niliichora kama anavyoiona mtu aliye chini yake: mabawa kutoka ukuta hadi ukuta, na tumboni milango miwili ya kudondoshea mabomu iliyofunguka, ndani yake giza. Nililionea fahari giza lile. Nililirudia rangi nyeusi mara nyingi hata likawa na kina kama kisima.

Kiti cha kinyozi, kama ujuavyo, hulazwa nyuma mtu anyolewe kidevu. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mteja akilala, koo wazi, macho juu, alishika kwa nguvu mikono ya kiti. Siku moja fundi cherehani wa jirani, mtu wa mizaha, aliinuka na povu shavuni.

“Yewe Kassimu, iko nini inanguruma humu?”

“Hakuna kitu. Hata redio nimezima.”

“Basi iko tumbo yako. Kula, sha, unatutisha!”

Tulicheka. Lakini aliondoka na shavu moja halijanyolewa, na hakurudi tena. Juma lile lile wengine nao wakasema vivyo hivyo: ngurumo nyembamba, kama nyuki ndani ya kibuyu, mchana kweupe. Mimi sikusikia chochote, nikawaona waoga. Hatimaye Mzee Kassimu, ambaye hakuwahi kumchubua mtu, alishtuliwa na ngurumo ile, akamkata mteja chini ya kidevu. Aliuweka wembe chini akautazama mkono wake.

“Mwanangu,” aliniambia, “mkono huu ndio unaolisha watoto wangu. Alhamisi Piloti anakuja. Akisema picha ni njema, itabaki, nami nitatia pamba masikioni. Akisema si njema, utaifuta mwenyewe.”

Nilikubali kwa furaha. Ni nani angeipenda kuliko yeye?

Akaja. Akavua kofia, akatusalimu, akalala kitini, amefumba macho. Mzee Kassimu akampaka povu. Kisha Piloti akafumbua macho.

Nilingoja. Wembe ulingoja. Povu likamkaukia usoni.

“Ni wewe ulichora?” aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

“Ni mimi, mzee.”

“Iko sawa. Kila kitu iko mahali yake.” Nikatabasamu pale kizingitini. Halafu akaongeza taratibu, “Lakini mimi siionaka hata siku moja toka huku, toka chini.”

Hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo hata Mzee Kassimu hakulijua. Hakuwa rubani. “Watu wananiita Piloti, nawaacha tu. Kazi yangu ilikuwa kulala juu ya tumbo kwenye ile kioo, kutazama chini, kufungua mlango. Chini kulikuwa moto kidogo-kidogo, kama mishumaa ya kanisa. Nzuri, mtoto yangu. Hiyo ndiyo inanisumbua. Ilikuwa nzuri.”

“Na wenzako, mzee? Wale wa kwenye picha?”

“Walikuwa na woga, na walienda. Wengi hawakurudi. Wapende, na mimi nawapenda. Lakini wewe umechora mlango wazi, halafu unakaa kizingitini unatabasamu. Ulishalala hapa?”

Sikuwa nimelala. Sikuwa na ndevu za kunyoa! Aliinuka, akanishika bega, akanilaza mahali pake.

Mwanangu, nilitazama juu ndani ya lile giza nililolipaka kwa mkono wangu, na nikaisikia. Haikutoka darini. Ilitoka mbali, kama nyuma ya Mlima Kigali, nayo ilikuwa inakuja. Ilikuja na kuja, nami, koo wazi, nikashika mikono ya kiti kama wale niliowaona waoga. Uso wa mzee uliniinamia, mweupe kwa povu kavu.

“Inakuja?” alininong’oneza.

“Inakuja.”

“Haifikaka,” alisema. “Miaka yote hii naisikia inakuja, na haifikaka hata siku moja.”

Nilileta rangi nyeupe na ngazi. Nilitaka kuanzia kwenye mabawa, akanizuia. “Funga mlango kwanza.” Nikaufunga. Alinishikia ngazi mpaka adhana ya alasiri, kisha akalala tena, na Mzee Kassimu akamnyoa kidevu chote bila kumchubua.

Namshukuru Mungu kwa karipio lile kuliko sifa zote nilizopata baadaye. Sikukatazi, mwanangu, kuzistaajabia ndege kuukuu wala vijana waliozipanda. Ushujaa ni ushujaa, na anayekwenda akiwa na hofu anastahili heshima yake. Lakini aisifuye mvua imemnyea, nami niliisifu mvua iliyowanyea wengine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kila utakapopendezwa na kitu kipitacho juu kwa kishindo, iwe ndege, iwe jeshi, iwe neno la mkubwa, usikisifu hadi umelala kwa muda mahali pa yule aliye chini yake, ukatazama kwa macho yake.

Aliyeziinua mbingu bila nguzo akuteremshie kutoka juu mvua ya kheri tu. Akujaalie moyo mpole na majirani wasiokuogopa, na popote utakapopita, watu walale kwa amani. Amin.