Shukrani na Bakuli Lake la Bluu

Nimeona niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana habari hii imekwisha kuzunguka Kitendaguro nzima, ikashuka mjini Bukoba, ikapanda basi hadi Muleba, na kila inapofika inatiwa chumvi. Mimi Paskazia, mjane wa miaka sabini na mmoja, niliyefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, niliumbuliwa ndani ya baa, mchana kweupe, mbele ya wakwe, na aliyeniumbua ni mbwa wangu mwenyewe. Ni kweli kabisa. Aibu niliipata, tena niliipata yote. Lakini anayedhani nitainamisha uso nikipita barabarani, na asikilize kwanza.

Mbwa huyo anaitwa Shukrani. Alikuja mwenyewe msimu wa mvua ule aliofariki mume wangu, akalala mlangoni bila kuitwa, nami nikaona huyu ni wa kumshukuru Mungu tu. Ni mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limechoka. Haibi, na Misa ikiendelea hulala kimya nje chini ya dirisha la sakristia (kuna Wakristo wawili watatu ningependa waige). Tabia yake ni moja: akishajifunza jambo, halisahau.

Na jambo alilojifunza ni kwamba kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, mimi na yeye tunakwenda Kwa Koku.

Kwa Koku ni mkahawa upande wa barabarani na baa upande wa nyuma, chini ya paa moja, na Koku ndiye mwenye nyumba, mama wa miaka hamsini na kitu, mpishi ambaye ndizi zake na maharage zinaweza kumpatanisha mtu na adui yake. Kanisani hukaa benchi la nyuma yangu. Siku moja niligeuka wakati wa wimbo nikaona kitabu chake amekishika juu chini, anafunua ukurasa pale jirani yake anapofunua. Macho yetu yakakutana, nikageukia altare. Wiki iliyofuata akanifuata hadi kwangu, akafunga mlango, akalia, akaniambia hajawahi kusoma hata jina lake, baba yake hakuona faida ya kumpeleka msichana shule, na wanawe hawajui. Akasema, "Ma Paskazia, nifundishe, lakini mtu asijue. Mtu yeyote." Nikamwahidi. (Haya nayaandika kwa ruhusa yake.)

Hangeweza kuacha jiko lake aje kwangu. Basi nikawa naingia mlango wa nyuma saa ile ambayo baa ina watu wanne watano, tunakaa meza ya kona kando ya friji, daftari likiwa mapajani chini ya kitambaa cha meza, na mbele yangu kikombe cha bati chenye mfuniko. Ndani ya kikombe ni tangawizi ya moto na limau. Shukrani alipewa mfupa wa kongoro katika bakuli lake la bati la bluu, ambalo lilikaa nyuma ya makreti ya soda. Mwaka mzima ulipita hivyo kwa amani.

Sasa mjukuu wangu Novati, anayefundisha hesabu sekondari huko Muleba, akapata mchumba, binti mzuri, Adventina. Binti huyu alilelewa na shangazi yake, Ma Domitina, kwa sababu baba yake alikunywa mpaka shamba la kahawa likaisha na yeye mwenyewe akaisha. Ma Domitina alikuwa na sharti moja tu, alilituma mapema: Adventina hataolewa kwenye nyumba ya walevi, na yeye kabla ya kupokea barua yoyote ya posa atakuja mwenyewe kutuona. Akiichukua barua, mambo yanaendelea. Akiiacha mezani, yamekwisha.

Wiki ile ile upepo wa ziwani ukang'oa mabati ya jiko langu. Novati akasema, "Bibi, usihangaike, nimeshaongea na watu wa Kwa Koku, tutawakaribisha pale upande wa mbele. Pana staha."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Ningesema neno moja tu, "Tafuta pengine," yangeisha. Lakini angeniuliza kwa nini, nami ningejibu nini? Nikanyamaza, nikajiambia wageni watakula saa saba, saa nane watakuwa wameondoka, na Shukrani nitamfungia kwenye kibanda cha kuni. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Basi lao likaharibika njiani. Wageni wakafika saa tisa kasoro robo.

Ma Domitina alikuwa mwembamba, amenyooka kama mshumaa wa Pasaka, na alifuatana na shemeji yake, mzee Anatoli, mtu wa maneno machache na sahani kubwa. Tukasalimiana vizuri, pole za safari, za nyumbani, za watoto. Mlangoni Ma Domitina akasimama kusoma ubao. Siku hizi Koku huandika kwa chaki vyakula vya siku, alfajiri kabla watu hawajafika, na mimi kwa haraka yangu sikuwa nimeutazama. Ma Domitina akasoma kwa sauti, polepole:

"Leo ndizi na maharage. Sato. Kongoro. Mbwa hawaruhusiwi kuingia. Isipokuwa Shukrani wa Bibi."

Akacheka kidogo. "Shukrani wa Bibi! Huyo ndiye nani?"

Nikasema, "Ah, ni mambo yao tu," na hilo nililiungama Jumamosi iliyofuata.

Tulikaa, mimi na Novati upande mmoja, wageni upande wa pili. Barua ya posa ilikuwa mezani ndani ya bahasha nyeupe, katikati, kama mgeni wa tano. Chakula kikaja, nikasali, nikasema Amina, nikafungua macho, na mbele yangu, akitokea upande wa baa, nikamwona Shukrani. Kibanda cha kuni alikwisha kukichimbua chini. Hakuwa na haraka. Alikuwa amekwenda kwanza kwenye meza ya kona, akakuta kiti changu kitupu, akazunguka nyuma ya makreti, na sasa anakuja kunitafuta, anapita katikati ya meza za watu, mkia juu, na bakuli la bluu mdomoni.

Akaliweka miguuni pangu, likalia *kwaa* sakafuni. Akakaa. Akainua mguu mmoja wa mbele, kama afanyavyo siku zote.

Nikamtazama kama mtu ambaye hajapata kuona mbwa maishani mwake. Nikasema, "Toka! Toka hapa, mbwa gani huyu!" Yule mnyama akanitazama kwa huruma, akabadilisha mguu, akainua wa pili.

Mhudumu, Adelina, msichana mwenye moyo mwema kupita kiasi, akapiga kelele kutoka kaunta: "Eh, Bibi! Kumbe leo umekaa huku! Nimekuwekea nafasi kule kule kwako. Nikuletee kikombe chako?" Na kabla sijatikisa kichwa, kikombe kimefika, na mfuniko wake.

Sijamaliza. Mbwa alipoona mimi sina la kumpa, akaanza kupita kwa wateja wake wa kila siku, na kila meza inamwita kwa jina. "Shukrani! Njoo baba!" "Shukrani, bibi yako leo amevaa kitenge cha sikukuu, kuna nini?" Na jamaa mmoja aliyekuwa kaunta, mwenye kofia nyekundu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwacheni Bibi, huyo mteja wa kudumu! Sisi wengine tunakosa siku, yeye hakosi!"

Baa ikacheka. Mzee Anatoli naye akacheka, halafu akaona uso wa shemeji yake akarudi kwenye kongoro.

Ma Domitina hakupandisha sauti. Akavuta kikombe changu, akafunua mfuniko, akanusa. "Tangawizi," akasema.

"Ndiyo, tangawizi."

"Na kaka yangu alianza na tangawizi, waitu, mwenzangu. Ilikuwa ya kufunika harufu." Akarudisha mfuniko taratibu. "Ma Paskazia, mimi sikuja kumsikiliza mbwa. Lakini mbwa amesema. Una kiti chako hapa, una kikombe chako, mbwa wako ana bakuli lake na jina lake liko ukutani. Niambie, mwalimu wa dini anakuja kufanya nini baa kila wiki?"

Nikainua macho. Nyuma ya pazia la jikoni nilimwona Koku amesimama, mkono mdomoni. Nikamtikisia kichwa kidogo sana, kumwambia tulia.

"Bibi, mwambie," akasema Novati. Alikuwa amekunja leso mikononi kama alivyokuwa akikunja shuka lake zamani akiwa mdogo. "Nakuomba. Mwambie tu ni nini."

Hapo ndipo paliponiuma, nisiwadanganye. Kicheko cha walevi si kitu. Lakini kumtazama mtoto niliyemlea anaona ndoa yake inatoka mlangoni, na dawa iko mdomoni mwangu, na siruhusiwi kuitema! Nikashika rozari ndani ya mfuko, nikaomba nipewe maneno, nikapewa machache.

Nikasema, "Ma Domitina, ni kweli. Nakuja hapa Jumanne na Alhamisi saa tisa. Pombe situmii, na hilo Mungu analijua hata kama wewe hulijui. Ninachokuja kufanya ni siri ya mtu mwingine. Nilimwahidi, na sitaivunja ahadi hiyo mbele yako, wala mbele ya padre, wala kwa ajili ya mjukuu wangu ninayempenda kuliko macho yangu. Na Jumanne ijayo nikiamka mzima, nitakuja tena."

Nikamgeukia yule wa kofia nyekundu. "Na wewe utanikuta pale pale kwenye kona, kwa hiyo jiandae kucheka."

Nikavuta kikombe changu, nikanywa.

Ma Domitina akashika mkoba wake. "Nakuheshimu," akasema, "lakini Adventina simtoi kwa siri." Akasimama. Bahasha ikabaki mezani.

Pazia la jikoni likafunguka. Koku akaja anafuta mikono kwenye aproni, akasimama pale kwenye meza, jasho linamtiririka, akachukua bahasha ile bila kuomba ruhusa, akaichana, akaitoa barua. Nikasema, "Koku, acha." Hakuacha. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Kwa... fa-mi-li-a ya..."

Mtu akazima redio. Aliendelea hivyo, neno kwa neno, kidole kikisukuma kila herufi kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani, na mle ndani wako wateja waliomjua miaka ishirini. Alipofika "tunakuja kwenu kwa unyenyekevu" akakwama. Alijaribu mara tatu. Lile neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, nami niliung'ata ulimi, maana mwalimu anayemsaidia mwanafunzi upesi amemwibia. Ndizi zilipoa. Shukrani alikaa. Hatimaye likatoka lote, "u-nye-nye-ke-vu," na Novati, ambaye kuandika barua ile kulimchukua jioni moja tu, alikuwa analia waziwazi.

Alipomaliza, Koku akasema kwa ukumbi mzima, si kwa Ma Domitina peke yake, "Hicho ndicho anachokuja kufanya. Mwaka jana nilikuwa sijui hata *a*. Ule ubao wa mlangoni nimeuandika mimi. Sasa chekeni."

Kofia nyekundu ilikuwa imevuliwa.

Ma Domitina alikuwa bado amesimama na mkoba wake. Akamtazama Koku, akanitazama mimi, akainama kuitazama barua mkononi mwa Koku.

"Pale katikati uliruka mstari," akasema.

"Sikuuruka," akasema Koku. "Ulikuwa mgumu."

"Basi urudie. Nataka kuusikia."

Akaketi. Koku akaurudia ule mstari, vizuri zaidi. Ma Domitina akanyoosha mkono, akapokea barua, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba na kuufunga. Halafu akachukua mfupa wa kongoro kutoka sahani ya mzee Anatoli (ambaye hakuwa amemaliza nao, akalalamika), akauweka kwenye bakuli la bluu. "Na wewe, shahidi," akamwambia Shukrani, "siku nyingine useme habari yote, si nusu."

Harusi ni baada ya Pasaka, Mungu akipenda. Ninajua bado wapo wanaosimulia hadithi hii na kuishia pale kwenye kikombe, maana hapo ndipo panapochekesha zaidi. Waendelee. Kosa langu ninalikiri: nilidhani kutunza siri ni kuingilia mlango wa nyuma na kunyamaza wakati nilipopaswa kusema "Tafuta pengine," na kwa kunyamaza huko nusura nimkoseshe mjukuu wangu mke. Nimeapa sitarudia. Mlango wa nyuma sitaupita tena.

Siku hizi tunaingia kwa mbele, saa tisa kamili, daftari mkononi, mbwa akitangulia. Jumanne iliyopita yule wa kofia nyekundu alivuta kiti karibu na kona yetu, akajifanya anatazama mpira kwenye runinga iliyozimwa. Nilisoma kwa sauti kubwa kidogo, basi. Na bakuli la bluu halikai tena nyuma ya makreti. Koku ameliweka mlangoni, chini ya ubao, kila mtu alione.