Gari Nililosema ni la Mama

Nilirudi Tanga baada ya kufundisha hesabu Botswana miaka kumi na miwili, na kitu pekee cha maana nilichorudi nacho kilikuwa gari. Dogo, la kijivu, nililolinunua kwa mshahara wangu na kuliendesha miaka mitano. Mkazi anayerejea nyumbani huruhusiwa kuingiza gari lake mwenyewe bila kodi, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko alikotoka kwa mwaka mzima. Karatasi zote nilikuwa nazo, nimezipanga kwa tarehe. Sikuponzwa na karatasi. Niliponzwa na adabu.

Siku gari liliposhushwa melini, mama aling'ang'ania twende wote bandarini. Alivaa baibui jipya, akajifukiza udi, akasimama kando ya gari mkono mmoja juu ya boneti. Afisa wa forodha aliyekuja kukagua alikuwa kijana mwenye heshima zake. Alimwamkia mama shikamoo, akalisifu gari, kisha akauliza ni la nani. Sasa mwenzangu, mama yako amesimama pale, kakuzaa, kakusomesha kwa kuuza vitumbua, wewe utafungua kinywa useme ni langu? Kwetu mtu aliyelelewa hasemi hivyo. Hata aliyejenga ghorofa kwa jasho lake, akiulizwa mbele ya baba yake, atasema nyumba ni ya mzee, yeye mlinzi tu. Nikajibu huku nacheka, "La mama hili. Mie dereva wake."

Mama akacheka. Afisa naye akacheka, kisha akaandika.

Alichoandika nilikijua wiki iliyofuata, wakala aliyekuwa akinishughulikia kulitoa gari aliponipigia simu. Ripoti ya ukaguzi ilisema gari limeletwa kwa ajili ya mtu mwingine, yaani mama wa mwombaji, kwa hiyo msamaha wa kodi umekataliwa. Nilipe kodi yote, ambayo ilikaribia bei ya gari lenyewe na sikuwa nayo, au liendelee kukaa bandarini na gharama za kukaa zipande kila siku.

Nilikwenda ofisini nikidhani ni jambo la dakika tano. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Barua ikatakiwa iwe na viambatanisho, nikaleta viambatanisho, nikaambiwa mwenye kuvipokea yuko semina. Aliporudi, barua ilikuwa haionekani. Nikaandika nyingine, tena kwa hasira, nikaambiwa lugha yake si ya kiofisi. Mwezi ukaisha hivyo, njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, na mimi nikiliona gari langu kupitia uzio linavyoingia vumbi na chumvi ya bahari. Nilimvizia yule afisa mlangoni mpaka nikampata. Alinisikiliza vizuri, akaniambia yeye kwao Pangani, mama yake yu hai, na angeulizwa yeye angejibu vilevile. Alivyomaliza akasema, "Mimi nakuelewa, mwalimu. Faili ndilo halielewi." Nilimchukia kwa kusema kweli.

Na huku nyumbani Nguvumali, mama alikwishakuwa mwenye gari. Majirani walikuwa wanajua. Shoga zake wa madrasa walikuwa wanajua. Alikwishapanga nani atakaa wapi siku ya kwenda arusini Muheza, na kila jioni aliniuliza, "Gari langu lini?" Mie najibu bado kidogo, nikienda zangu chumbani kuuma mto.

Mwisho wakala akaja na njia. Mama aape mbele ya wakili kwamba gari si lake, kiapo kiingizwe kwenye faili, basi. Alilisema kwa wepesi, maana si mama yake. Kwa siku nne sikuweza kumwambia. Siku ya tano nilimwambia kuna karatasi ya kutia sahihi, gari litoke, nikamchukua kwa bajaji mpaka kwa wakili. Nilitegemea atasaini tu. Mama husoma herufi za Kiarabu, hizi nyingine hazijui. Lakini wakili akasema sheria inataka muapaji asomewe kwanza, na mama akanigeukia. "N'somee weye."

Nikasoma. Kwamba yeye, mwenye jina hilo, anaapa kuwa gari hilo si mali yake, hana haki wala fungu ndani yake, na hakuwahi kupewa na mtu yeyote.

Nikamwambia haraka kwamba hayo ni maneno ya serikali tu, asiyajali.

"Ni kiapo hicho," akasema. "Nitashika msahafu. Nataka kujua naapa kweli ama naapa uongo."

Wakili akajifanya anatafuta muhuri. Ningeweza kusema gari ni lake kweli, tutoke pale, na gari life bandarini. Ningeweza kusema hapana. Katikati hapakuwa na kitu, na miaka yangu kumi na miwili ilikuwa imekaa juani nyuma ya uzio. Nikasema, "Waapa kweli, mama. Gari ni langu. Siku ile nilisema tu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kila neno bila kukosea. Kisha akatia sahihi yake kwa Kiarabu, taratibu. Njiani kurudi aliongea habari za bei ya mchele.

Siku tisa baadaye gari likatoka. Nililiosha mara mbili, nikalileta mpaka mlangoni asubuhi ya soko, nikapiga honi. Mama alitoka na kikapu chake. Nilikwishanyoosha mkono kumfungulia mlango wa mbele, lakini hakwenda upande huo. Alizunguka akaja dirishani kwangu, akasimama hatua moja mbali na gari, bila kuligusa.

"Samahani," akasema. "Kama wapita Ngamiani sokoni, naomba unisogeze."

Nikamwambia napita. Akafungua mlango wa nyuma, akapanda.