Chai ya Mchana kwa Roselyne

Mama mkwe wangu, Edah, alikuwa mtu wa strungi. Hapa Kibomet, Kitale, walimjua kwa thamosi yake ya kijani. Alikuwa akichambua mahindi kwenye stoo za watu kutoka asubuhi mpaka jioni, na bila ile chai nyeusi kichwa kilimpasuka. Mwishowe mikono ikaanza kutetemeka, moyo ukamwenda mbio hata akiwa ameketi, na usingizi ukamhama.

Daktari hakumkataza. Alimwambia apunguze polepole, asiache ghafla, na ikifika saa sita asiguse tena. Siku za kwanza alikuwa mkali mpaka mtoto wangu Wabwile akawa anamkimbia. Baadaye akapata kipimo chake: kikombe kimoja asubuhi, kingine saa nne chenye maziwa mengi, halafu ni uji ama maji moto. Akaanza kulala. Siku moja alininyooshea mikono. "Ona, mama Wabwile. Imetulia."

Kwa furaha hiyo tukaenda Myanga kumwona mdogo wake, Roselyne. Tulifika saa nane. Roselyne alikuwa ametupikia chai ya maziwa na viazi vitamu.

Kwetu chai ya mgeni haikataliwi. Anayekataa ni kama amesema anaogopa mkono ulioipika. Na baba mkwe wangu aliugua baada ya kula katika nyumba hiyo ya Roselyne, akafa. Watu walisema maneno, kwamba alilishwa kitu. Mama mkwe hakuyaamini hata siku moja.

"Siku hizi sinywi mchana," alisema. "Nipe maji moto tu."

Roselyne alikuwa bado ameshika birika. "Maji? Dada, si ni mimi nimepika?"

"Ni daktari, Rose."

"Daktari alikukataza ya kwangu?"

Jirani aliyesimama mlangoni akacheka. "Mpe maji yake bana. Maji haina maneno."

Roselyne alichukua kile kikombe alichokuwa amekwisha kumimina, akakimwaga nje, polepole, pale kuku walipokuwa.

Tangu hapo hakushika simu ya mama. Mama akawaza, akapata njia: tutoke Kitale alfajiri ya Jumamosi, tufike kabla ya saa nne, na kile kikombe chake cha pili akinywee kwa Roselyne, Roselyne akimwona. Alinunua sukari na majani ya chai ya kumpelekea, akaviweka juu ya kabati.

Alhamisi tukapigiwa simu. Roselyne alianguka shambani akipalilia, na hakuamka.

Siku ya mazishi, watu walipotoka kaburini, chai ikaanza kuzunguka. Emmy, binti wa Roselyne, alimletea mama kikombe cha maji moto.

"Mama alituambia ukikuja usilazimishwe chai."

Mama alikipokea. "Alisema akiwa amekasirika?"

Emmy aliangalia chini. "Alisema tu, mama mkubwa."

Mama akamrudishia kikombe. "Niletee hiyo ya wengine."

Ilikuwa saa tisa. Mikono yake ilitetemeka kabla hata hajaonja. Alikunywa yote, mpaka majani ya chini, macho yake kwa mlango wa Roselyne. Watu walikuwa wanagawana viti na kuulizana habari za mvua. Hakuna aliyemtazama ila mimi.