Amplifaya Isiyopiga Kelele

Ukiingia duka la vyombo vya muziki mjini Meru ukasema unatafuta amplifaya, hutaulizwa chumba chako kina ukubwa gani wala spika zako ni za aina gani. Utaulizwa unataka isikike mpaka wapi. Huku kwetu sauti hununuliwa kwa umbali. Mchungaji anataka isikike ng'ambo ya mto. Mwenye mkutano wa injili anataka walevi wa sokoni wakose pa kujificha, na mwenye mazishi anataka hata waliokosana na marehemu wasikie ratiba. Mimi nilitaka isikike mpaka kwenye kiti changu tu, na kila nilipolisema hilo niliangaliwa kama mtu aliyeingia hotelini akaagiza chai isiyo na chai.

Kiti chenyewe kilikuwa kwenye stoo yetu ya viazi, nyumbani Ruiri. Tulikuwa tumetoa viazi, tukatundika mablanketi na magunia ukutani ili sauti isirukeruke, na mke wangu akapaita studio kwa kunicheka. Mimi aliniita prodyusa. "Prodyusa wangu, chakula kiko tayari." Nilijifanya sipendi.

Mke wangu alikuwa mwimbaji, na si wa kubahatisha. Kutoka Kiirua hadi kwetu hakukuwa na mkutano wa injili ambao hakuitwa. Nilimwona mara ya kwanza katika mkutano kama huo, mimi nikiwa mtu wa kubeba nyaya za mitambo, na aliposhika maikrofoni nilisahau waya mkononi. Jamaa wa mitambo alikuwa amemwekea echo, ule mwangwi ambao hakuna ibada ya huku inayokamilika bila huo, na kila neno alilotoa lilirudi mara tatu juu ya mabati ya soko. Kina mama walilia. Mimi sikulia, lakini nilioa.

Nyimbo mbili za kwanza nilizomrekodi hazikuenda popote. Nilizipanga nikitumia vipokea sauti vya masikioni vya simu, na zikipigwa kwenye gari la mchungaji besi inameza kila kitu, unabaki kusikia mtu akiomba msaada kwa mbali. Yeye hakunilaumu. Tulikubaliana kwamba kosa ni la vifaa, na mimi niliamini hivyo kwa moyo wote.

Kisha binamu yake akampigia simu. Huyo binamu ni msimamizi katika shamba moja la maua upande wa barabara ya Nanyuki, kwenye ghala wanakofungia maua ya kwenda ng'ambo, na alimwambia kuna nafasi. Kazi ya mwaka mzima, mshahara haukawii. Ila Jumapili wanafanya kazi kama siku nyingine, maana ndege haingoji ibada. Yaani akienda huko, kanisa basi, mikutano basi, kuimba basi.

"Tumalize huu wimbo mmoja vizuri," aliniambia akikunja nguo. "Ikikaa sawa, naendelea na wewe. Ikikataa, mimi naenda kwa maua. Siwezi endelea kuimba ya bure na watoto wanakua."

"Itakaa sawa," nikasema.

"Basi tafuta hiyo kitu yako ya kusikiza."

Hiyo kitu ya kusikiza nilikuwa nayo nusu. Mjini Embu kulikuwa na studio iliyofungwa, na mwenyewe aliniuzia spika mbili za kazi, zile wanazotumia mafundi wa kurekodi. Spika hizi hazifanani na zile za sebuleni. Za sebuleni zinapamba: zinaongeza besi, zinaongeza utamu, mwimbaji mbaya anatoka mzuri. Za studio hazipambi chochote. Zinakupa wimbo ulivyo ili uone penye kasoro urekebishe. Lakini zile zangu hazikuwa na umeme ndani yake. Zilihitaji amplifaya ya kuzisukuma, na mwenye studio alikuwa ameuza ya kwake kabla sijafika. Bila hiyo yalikuwa masanduku mawili meusi ya kuwekea vikombe.

Nilianza na amplifaya ya kanisa, niliyoazimwa kwa siku za kati ya juma. Ina feni nyuma ya kuipoza, na katika uwanja wa mkutano hakuna anayeisikia. Katika stoo ya viazi ilinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Nilipunguza sauti, feni ikabaki pale pale. Niliongeza, spika zikaanza kutetemeka nikaogopa kuzipasua. Nikairudisha kanisani na asante nyingi.

Duka la Kiirua ndilo lililonikasirisha zaidi. Muuzaji alinionyesha kitu kizito chenye taa za buluu zinazocheza.

"Boss, hii ni wati elfu mbili. Ukiwasha hapa, mtu wa Ruiri anaokoka akiwa shambani kwake."

"Mimi nataka wati kidogo. Lakini ziwe za ukweli, na isiwe na mlio ikiwa imenyamaza."

"Ikinyamaza?" Alimwangalia mwenzake. "Sasa boss, amplifaya unanunua ya kunyamaza?"

Walicheka, na mimi nikatoka nimenuna. Nilijua kwamba wati elfu mbili zilikuwa za karatasi iliyobandikwa mbele, ndani hamna hata robo. Lakini utamwambia nani? Wateja wake wote wanapima kwa kilomita, na amplifaya anayonunua mtu wa kilomita ina haki ya kuunguruma ikipenda.

Mjini Meru nikanunua kidude kidogo kutoka China, cha bei ya huruma, kinachotosha kwenye kiganja. Wenye ujuzi mtandaoni walikisifu. Siku ya kwanza kilikuwa na mlio mwembamba, shhh, kama sufuria inayokaribia kuchemka, na nikajiambia nitauzoea. Siku ya pili stima, umeme wetu wa Ruiri, ikafanya mchezo wake wa kuzama na kuruka, na kikatoa harufu ya kuungua. Nilikaa pale nikikitazama. Niliona aibu kumwita mke wangu, kwa sababu nje kwenye kamba alikuwa ameanika buti mbili za mpira, mpya, za kazi ya shambani. Binamu yake alikuwa amezituma bila kuulizwa na mtu.

Hapo ndipo niliposikia kuna mzee wa Runyenjes anayeuza amplifaya ya zamani. Alikuwa karani wa serikali, amestaafu anachuma majani chai, na alikuwa ameiweka sebuleni tangu enzi za sahani za santuri. Ilikuwa na uso wa chuma, vifundo viwili vikubwa na kitufe cha kuwashia kinachogota kwa heshima. Watoto wake walikuwa wamemnunulia redio ya kisasa yenye kuunganishwa na simu, na hii wakaifunika kitambaa.

"Kijana wangu, nisikudanganye," alisema. "Hii haina nguvu. Hata jirani haisikii. Vijana wangu wanaicheka."

Niliiwasha. Nikaweka sikio kwenye spika yake, nikangoja mlio. Hakukuwa na kitu. Nilipandisha kifundo mpaka nusu, bado hakuna kitu, ni kuku wa nje tu niliokuwa nikiwasikia. Nilisikia furaha ya kipuuzi, ya kutaka kumkumbatia mzee wa watu. Aliniuzia kwa bei ya chini kwa sababu moja tu, kwamba haipigi kelele. Akaifunga kwenye shuka la zamani, na mkewe akaniongezea mkungu wa ndizi kwa huruma.

Jumapili baada ya kanisa nikapanga kila kitu. Spika juu ya makreti, usawa wa masikio, amplifaya katikati. Kwanza nikapiga wimbo wa kwaya ninayoiamini, na sijawahi kusikia hivyo. Nilisikia mwimbaji mmoja akivuta pumzi. Nilisikia benchi likilia chini ya mtu. Nilimwita mke wangu nikipiga kelele, mimi niliyekuwa nikitafuta utulivu, na akaja akikausha mikono.

"Kaa hapa katikati," nikamwambia. "Sasa utajisikia."

Nikaweka ule wimbo wetu mmoja, tuliokuwa tumeshaurekodi ukibaki kupangwa tu.

Mistari miwili ya kwanza alitabasamu. Kisha tabasamu likabaki usoni bila yeye. Mimi pia nilikuwa nasikia. Mwisho wa kila mstari, pale sauti inapotakiwa kupanda na kukaa, haikufika. Ilikuwa inafika chini kidogo ya mahali pake, kila mara, mahali pale pale, na kisha inateleza. Pumzi ilimkatikia katikati ya maneno. Hakukuwa na kosa la maikrofoni wala la besi. Spika zilikuwa zikifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa, na hiyo amplifaya ya mzee haikuongeza hata chembe ya kitu cha kutuficha.

"Zima gitaa," akasema.

Nikazima.

"Zima kinanda."

Ikabaki sauti yake peke yake katika stoo ya viazi. Akaisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshikana magotini kama mtu aliye kwa daktari.

"Hivyo ndivyo mimi huimba?"

"Ngoja niweke echo kidogo," nikasema. "Bado sijaipanga. Hii ni sauti mbichi, kila mwimbaji akisikizwa mbichi..."

"Usiweke."

"Kidogo tu."

"Nimesema usiweke. Miaka hii yote wamekuwa wakiniwekea."

Nilimpenda mno saa ile, nasema wazi, kuliko siku ile ya mabati ya soko, na nilitaka ajue kwamba kwangu hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo nikasema kitu cha kweli kabisa. Nilimwambia kwamba hivyo ndivyo anavyoimba kila siku jikoni akimenya viazi, bila maikrofoni, bila chochote, na tangu tuoane sijachoka hata siku moja kumsikiliza.

Aliinua kichwa akaniangalia.

"Kumbe ulijua," akasema.

Nilijaribu kueleza. Sikuwa nimejua, si hivyo. Jikoni sikuwa nikisikiliza kama fundi, nilikuwa nikisikiliza kama mtu aliyerudi nyumbani, na hayo ni masikio mawili tofauti. Lakini kila neno lilinizamisha zaidi, na yeye alishasimama. Hakulia wala hakunigombeza. Alipanga kiti vizuri, akauliza kama ninataka chai.

Alhamisi lori la shamba lilipita kuwachukua wafanyakazi, naye akapanda. Mchungaji alinipigia kuuliza kwa nini hayuko kwenye ratiba ya mkutano wa Kiirua, nikasema amepata kazi. Akasema Mungu ni mwema. Nikasema amina, nikakata simu nikiwa na hasira hata sijui ya nani.

Sasa hurudi jioni mikono ikinuka dawa ya maua. Mshahara ni kweli haukawii. Tunaongea, tunacheka hata, hatukosani. Ananiambia habari za waridi zilizokataliwa kwa sababu shina limepinda kidogo, zinavyotupwa nyuma ya ghala zikiwa nzuri vile. Kisha anachukua kisu, anavuta beseni la viazi, na kabla ya kumenya cha kwanza anasema bila kunitazama, "Baba watoto, weka redio."

Miaka yote tuliyokaa pamoja hatukuwahi kuwasha redio wakati wa kupika. Naiweka. Naiweka juu kiasi, kama anavyotaka, nakaa mlangoni namtazama akimenya viazi, na mdomo wake umefungwa.