Bi Kimya Apasua Sailensa Mbele ya Madereva Kumi na Tisa

Saa mbili kasoro asubuhi, na uani mwa gereji hakuna pa kutia mguu. Madereva wa teksi kumi na tisa wameacha magari yao barabarani, wamejipanga kuzunguka meza ya chuma, na kila mmoja anamsukuma mwenzake apate kuona.

Juu ya meza zimelazwa sailensa mbili, yale madebe yanayokaa chini ya gari kumeza kelele za injini. Moja ilinunuliwa kwenye boksi, ikafanya kazi miezi mitano. Nyingine imetengenezwa hapahapa kwa mkono, ikakaa chini ya teksi miezi kumi na minne. Leo zote mbili zinapasuliwa katikati.

Mwandishi huyu alikuja kuandika habari za mama fundi. Kufikia saa mbili naye anasukumana na madereva apate kuona.

Mama mwenyewe ana miaka arobaini na sita, watoto watatu, na miaka ishirini na miwili chini ya magari ya watu. Wateja wamembatiza Bi Kimya, kwa sababu gari huja kwake linapiga makelele likaondoka linanong'ona.

"Jina langu la kuzaliwa analikumbuka mama yangu na mavyaa," anasema akivaa glavu. "Na mavyaa analitaja akiwa na shida tu."

Kwa wiki, anasema, anafungua sailensa sita au saba ambazo hazijamaliza mwaka. Zote za boksi, zote za bei ya chini. Mwenye gari hufika amefura.

"Mteja hawezi kumgombeza aliyetengeneza boksi, hamjui. Ananijua mimi niliyelala chini ya gari lake. Mimi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, yeye anasema gunia ni langu."

Mwaka jana alichoka. Akachukua akiba ya kuezekea chumba cha nyuma, akanunua mabati mazito, akaunda sailensa yake mwenyewe. Chama cha madereva kikakubali kuijaribu kwenye gari moja, kwa sharti kwamba siku ya siku ipasuliwe mbele ya wanachama. Ikikutwa nzima, teksi zote thelathini za chama zitafungwa kazi yake. Ikikutwa imeoza, amemwahidi mumewe kwamba ataacha na kurudi kufunga za boksi.

"Mume wangu ni mtu mwema," anasema. "Lakini jana nimemkuta anapima yale mabati yaliyobaki, anahesabu yataezeka wapi."

Kwa nini za boksi hazidumu? Bi Kimya anaishika ile ya kwanza, inang'aa kama sufuria mpya. Anaikwaruza kwa ukucha na mng'ao unabanduka. Ni rangi ya kupuliza tu. Bati lake halifiki hata milimita moja.

"Watu wanadhani kutu inatoka nje, kwenye matope. Adui yuko ndani," anawaeleza madereva. "Moshi una mvuke. Gari likienda mbali, sailensa inapata moto, maji yanakauka. Nyinyi mnabeba abiria mtaa huu mpaka ule, mnazima. Maji yanalala humo humo, yanakula bati. Bati jembamba ni mlo mmoja tu, kwisha."

Anaigeuza sailensa yake kuwaonyesha tundu la chini, dogo mno, linalotoa hayo maji. Kidole chake kinapapasa mara moja, mara mbili. Kinasimama. Sura imemshuka.

"Nani kaziba hapa?"

Dereva mwenye teksi ya majaribio, ambaye wenzake humwita Mzee Taratibu kwa mwendo wake, anavua kofia.

"Ni mimi, mama. Nilikuwa naona matone. Nikajua inavuja. Nikaona nisikusumbue kwa kitu kidogo, nikapitia kwa fundi mmoja akanichomelea hapo."

"Lini?"

"Yapata miezi sita sasa."

Miezi sita sailensa imejaa maji yake yenyewe. Madereva wanaguna. Bi Kimya anakaa juu ya tairi, anapangusa uso, halafu, ajabu, anacheka.

"Hata mimi nililiziba. Wiki ya kwanza kazini kwa baba yangu. Nikachomelea vizuri, nikasimama nasubiri sifa. Baba akaniuliza, 'Mgonjwa umemnywesha maji, mbona umemzibia choo?'"

Mwenyekiti wa chama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, anataka jambo hili liahirishwe. "Bi Kimya, hapa haki haipo. Tukupe mwaka mwingine."

"Maji nimeshayavulia nguo," anajibu. "Na nyinyi mtaziba tena, nawajua. Ngoja tuone."

Grainda inawaka. Ile ya boksi inakatika upesi kama kopo la maziwa. Kuta zake za ndani zinamwagika mezani kama magamba, na nyundo moja tu inatokea upande wa pili. Madereva wanacheka, ila Bi Kimya hacheki.

Ya kwake inachukua muda. Diski inalia, cheche zinaruka, na ghafla maji ya kahawia yanachuruzika hadi kwenye viatu vya mwenyekiti. Vipande viwili vinafunguka. Upande wa chini wote ni kutu.

Anasugua kutu kwa brashi ya waya. Kisha anampa mwenyekiti nyundo. "Piga wewe. Nikipiga mimi mtasema nimepapasa."

Mwenyekiti anapiga. Chuma kinalia. Anapiga tena kwa nguvu zote, kinalia tena, na hakuna tundu. Kipimio kinasema milimita moja na nusu juu, moja na robo chini palipolala maji. Uwanja unalipuka kwa shangwe, na mwandishi huyu, kinyume na maadili ya kazi yake, anapiga makofi.

"Thelathini," anasema mwenyekiti.

Bi Kimya anafunika uso kwa glavu zake chafu na analia kidogo. Anaweza kuunda nne kwa wiki, anasema akishapata sauti. Mwakani anataka ziwe kwenye maduka ya spea, rafu moja na zile za boksi.

"Muuzaji amwambie mteja ukweli: hii ni ghali, ile utairudia. Achague mwenyewe."

Mzee Taratibu bado amesimama na kofia mkononi. Anauliza, kwa sauti ya chini, kama jina lake limo katika orodha.

Bi Kimya anavuta bati jipya, analichora kwa chaki, anatia alama ndogo ya msalaba upande wa chini. Halafu anamkabidhi drili.

"Wewe ndiye wa kwanza," anamwambia. "Toboa."