Kidole Kilichobaki Shinyanga

Leo nasimulia nikicheka, lakini siku ile ningeona shimo la panya ningeingia na viatu vyangu. Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye zahanati moja nje kidogo ya Ifakara, nami ni karani wa rejista niliyekuwa katika majaribio, mwenye cheti cha shule ya jioni ambacho nilikuwa nimekisifu hadi mbele ya mbuzi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila jeraha: kidole gani, mkono upi, limesababishwa na nini, halafu namba yake kutoka kwenye orodha ya ukutani (bila kadi kujazwa, sista hashoni mtu). Na mchana uleule Mganga Mfawidhi alikuwa aniambie kama naajiriwa au narudi kwetu Idete kufukuza ndege shambani.

Sasa, msimu wa kuvuna mpunga bonde zima hujikata kidole kilekile: mundu kulia, mabua kushoto, chwa! kidole cha shahada. Tangu asubuhi nilikuwa nimeandika hivyo mara mia nne (haya, kumi na moja), na samaki wa mama lishe, kitoga wa kukaanga, alikuwa ananiita kwa jina, basi nikajiambia, wewe msomi, kuuliza kote huku kwa nini? Nikajaza kadi tano za mwisho bila kuwatazama wenyewe, nikazigawa pale kwenye benchi kama karata.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mfugaji mmoja wa Kisukuma, Mzee Masanja, mkono wa kulia umeviringishwa kitambaa. Sista Adela akasoma kwa sauti, Mfawidhi amesimama pembeni yake: "Jeraha wazi, kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Lete nione, baba."

Mzee akaunyoosha wa kushoto. Vidole vinne! Cha shahada hakipo, na pale kilipokuwa ngozi imeshaziba zamani.

"Karani," Mfawidhi akasema taratibu, "kidole ulichoandika kiko wapi?"

Ningesema nimekosea, yangeisha. Lakini cheti kikanipanda kichwani. "Labda kimedondoka sasa hivi, daktari."

Haki ya Mungu, benchi zima likainama! Mama mmoja akakung'uta kapu lake, mwingine akamfukuza kuku asije akakidonoa.

"Ng'wanawane, mwanangu," mzee akanihurumia, "hicho nilikizika Shinyanga kabla hujazaliwa. Kinachouma ni hiki." Akafungua kitambaa: dole gumba la kulia, limechanwa na pembe ya ng'ombe.

Mfawidhi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. "Majaribio, miezi mitatu mingine. Na kuanzia sasa utahesabu vidole vya kila mgonjwa kabla ya kuandika. Kwa sauti."

Nikahesabu, benchi likiitikia kama kwaya, na hata wenye malaria wakininyooshea mikono kwa makusudi. (Kwa mama lishe nilikuta kitoga amebaki miiba.) Ajira niliipata baadaye, lakini niliapa sitaandika tena jeraha nisiloliona kwa macho yangu, na mpaka leo ukinipa mkono, uniwie radhi, nitahesabu kwanza.